Kutafuta Neno: Kutoka Kamusi za Unguja Mpaka Mtandao wa Kompyuta

Mtu atakaye kujua jambo siku hizi hana haja ya kutoka nyumbani. Huandika maneno mawili matatu katika simu yake, na papo hapo huletewa kurasa nyingi kuliko awezavyo kusoma mwaka mzima. Mazoea yamelifanya jambo hili lionekane jepesi, kama kwamba maneno yamelala mahali yakingoja kuitwa tu. Lakini neno haliji kwa kuitwa isipokuwa awepo anayejua kwamba hilo ndilo lililoitwa. Ujuzi huo, kwa lugha ya Kiswahili, haukuanza na kompyuta. Ulianza zamani, na sehemu yake kubwa ilianza katika mji wa Unguja, karne ya kumi na tisa, pale watu wachache walipolazimika kuamua swali moja dogo: neno la Kiswahili litafutwe chini ya herufi gani?

Katika insha hii nimekusudia kuifuata historia ya swali hilo tangu Mkunazini mpaka mtandao wa kompyuta. Nitajaribu kuonyesha kwamba mitambo itafutayo habari leo imerithi kazi ya watunga kamusi, na kwamba pamoja na faida ya urithi huo imerithi pia upofu wake. Wa kwanza kupatwa na upofu huo si mtu wa nchi za mbali. Ni Mngujawa shamba, ambaye makao yake hayafiki safari ya nusu siku kutoka mji uliozaa Kiswahili Sanifu.

Yafaa kwanza tukumbuke kwamba mtandao wa nyaya si mgeni Unguja. Mwaka 1879, zamani za Seyyid Barghash, kampuni ya Kiingereza ilitandaza waya wa simu chini ya bahari kutoka Aden mpaka Unguja, na kutoka hapa ukaendelea kusini mpaka Msumbiji na Durban. Tangu siku hizo habari za bei ya karafuu na za vita na amani ziliweza kufika London na kurudi kwa muda mfupi sana. Nyumba ya kazi hiyo iliyojengwa baadaye Shangani ipo hata leo, ijapokuwa sasa imegeuzwa hoteli. Lakini waya ule ulikuwa mchukuzi tu. Uliyapeleka maneno bila kuyasoma, kama hamali achukuavyo sanduku asijue lina nini ndani. Mtandao wa leo hauko hivyo. Unayafungua maneno, unayapanga, unayalinganisha na maneno mengine, kisha unaamua lipi lije mbele na lipi libaki nyuma. Kwa hiyo swali la kuuliza leo si kama habari zinafika Unguja. Swali ni kama yule anayezisoma njiani anaijua lugha yetu.

Na lugha yetu si nyepesi kwa asomaye kwa macho matupu. Mwingereza akitafuta habari za vitabu, neno lake hubadilika mwisho tu, kwa herufi moja, na mwanzo wake haubadiliki. Sisi husema kitabu na vitabu, jicho na macho, ufunguo na funguo. Atafutaye kwa kufuata herufi ya kwanza tu atakipata kimoja na kukikosa cha pili. Katika vitenzi shida huzidi. Tazama neno hili moja: hatukuwaandikia. Ndani yake mna kukanusha, mna sisi tuliotenda, mna wakati uliopita, mna wao waliotendewa, mna tendo lenyewe la kuandika, na mna habari ya kwamba liliandikwa kwa ajili ya mtu. Lugha nyingine zingetumia maneno matano au sita. Tukichukua nafsi sita za mtenda, nyakati nne, na nafsi sita za mtendwa pamoja na hali ya kutokuwapo mtendwa, tayari tuna sura 168 za kitenzi kimoja. Hata tukizitoa zile zisizotumika, bado hatujahesabu ngeli nyingine za majina, wala kukanusha, wala kutendea, kutendwa, kutendana na kutendesha. Mtambo usiojua kumenya neno utayaona hayo yote kuwa maneno mbalimbali yasiyohusiana.

Basi kumenya neno ndiyo kazi yenyewe, na waliolazimika kuifanya kwa maandishi walikuwa watunga kamusi. Edward Steere alifika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer wa misheni ya Kiingereza ya Vyuo Vikuu. Mwaka 1870 vilichapishwa London vitabu vyake viwili: kimoja cha mafunzo ya lugha, chenye sarufi na orodha za maneno, na cha pili cha hadithi alizosimuliwa na watu wa Unguja. Mwaka 1874 akawa askofu, na kanisa kuu alilolijenga Mkunazini lilisimamishwa pale palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Alifariki mwaka 1882, na katika mwaka huo huo ilitoka kamusi ya Ludwig Krapf, aliyekuwa amejifunza Kiswahili chake Mombasa.

Inafaa tuone hali ya kazi yenyewe. Steere alikaa mjini. Waliomfundisha walikuwa watu wa mjini, na wanafunzi wa misheni, ambao wengi walikuwa vijana waliookolewa katika majahazi ya watumwa, walijifunza Kiswahili cha mjini kwa kuwa huko ndiko walikowekwa. Hadithi alizoziandika zilitoka katika vinywa vya wenyeji, na bila wao asingepata hata ukurasa mmoja. Kwa hiyo Kiswahili kilichoingia katika vitabu vya misheni kilikuwa Kiunguja cha mji. Sidhani kwamba hilo lilikuwa shauri la kuzipima lahaja na kuichagua iliyo bora. Liliamuliwa na mahali alipofikia mgeni na watu aliozungumza nao. Baadaye misheni hiyo hiyo ikatoa magazeti, mfano Msimulizi lililoanza mwaka 1888 katika chuo cha Kiungani, na kila karatasi iliyotoka iliongeza uzito wa lahaja ya mji.

Aliyemfuata Steere katika kazi ya maneno ni A. C. Madan, wa misheni ile ile. Alitoa kamusi ya Kiingereza na Kiswahili mwaka 1894, na ya Kiswahili na Kiingereza mwaka 1903. Katika mikono ya watu hawa swali la herufi lilipata jibu. Kitenzi kitafutwe kwa shina lake, bila viambishi vya mbele: basi hatukuwaandikia litafutwe chini ya A, katika andika. Jina litafutwe kwa umoja wake: macho yatafutwe chini ya J. Kivumishi kiandikwe shina lake tu na kuwekewa kistari mbele, kuonyesha kwamba hakisimami peke yake. Sisi tuliosoma shule tunayaona mambo haya ya kawaida, hata tunasahau kwamba yalibuniwa. Lakini hayakuwa ya lazima. Kuna lugha za Kibantu ambazo watunga kamusi wake wamebishana miaka mingi kama majina yapangwe kwa shina au kwa kiambishi chake, na wanaendelea kubishana.

Kwa wakati huo huo padre wa Kifaransa, Charles Sacleux, aliyeishi Unguja na Bagamoyo, alikuwa akikusanya maneno kwa njia nyingine. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ilitoka Paris mwaka 1939 mpaka 1941. Sacleux hakuridhika kulitaja neno na maana yake tu. Alionyesha pia lahaja ambamo neno husemwa, kama ni ya Unguja, ya Mvita, ya Amu au ya mahali pengine. Tutamrudia baadaye, kwa maana alama zake hizo ndogo zina somo kubwa kwa siku zetu.

Mwaka 1928 ulifanyika mkutano Mombasa, na hapo Kiunguja cha mji kikachaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili cha shule katika nchi za Afrika ya Mashariki. Kimvita kilikuwa na watetezi wake, wala hoja zao hazikuwa dhaifu, lakini Kiunguja kilikuwa kimekwisha kwenda mbali pamoja na misafara ya biashara, vitabu vya misheni na serikali za kigeni za Bara. Mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya nchi hizo, na katibu wake wa kwanza akawa Frederick Johnson. Kamati ilipewa kazi ya kusawazisha tahajia na kuvipitia vitabu vya shule kabla ya kuchapishwa. Kamusi zake mbili kubwa, zilizojengwa juu ya kazi ya Madan, zilitoka mwaka 1939. Ndani ya kamusi ya Kiswahili na Kiingereza utaratibu wa shina ulifika kikomo chake: mpishi, upishi na mapishi viliwekwa pamoja na pika, kama watoto waliorudishwa kwa mama yao. Msomaji asiyejua asili ya neno alihangaika sana. Ilimpasa kuijua lugha kwanza ndipo aweze kulitafuta neno.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Kamusi haikuwa hazina ya maneno tu. Ilikuwa pia hukumu juu ya lipi ni neno na lipi si neno. Kitabu kilichopita kwa Kamati kilichapishwa, kikaingia shuleni, kikasomwa na mtoto aliyekuja kuwa mwandishi wa gazeti, naye akaandika kama alivyosoma. Kamati yenyewe ilikuja kuwa Chuo cha Uchunguzi wa Lugha ya Kiswahili mwaka 1964, Dar es Salaam, nacho kikatoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981. Kwa njia hiyo maandishi ya zaidi ya nusu karne yalimwagika katika mfereji mmoja. Faida yake ni kubwa na hapana haja ya kuibeza: mtu wa Kigoma na mtu wa Malindi wanasomeana barua zao. Lakini lililobaki nje ya mfereji lilibaki katika vinywa vya watu, na mtambo hausomi vinywa.

Kompyuta iliingia katika habari hii kwa mlango usiotazamiwa, nao ni nchi ya Finland. Lugha ya Kifini nayo hujaza mambo mengi ndani ya neno moja. Mfini akisema talossani amekwisha sema “ndani ya nyumba yangu”. Kwa ajili ya lugha ya namna hiyo Kimmo Koskenniemi wa Helsinki alieleza mwaka 1983 njia ya kuifundisha kompyuta kulisoma neno kwa tabaka mbili: tabaka ya juu ni neno kama lilivyoandikwa, na tabaka ya chini ni vipande vyake kama lugha ilivyovipanga, na baina yao zimo kanuni zinazoonyesha jinsi vipande vinavyobadilika vikikutana. Mwenziwe wa chuo hicho hicho, Arvi Hurskainen, aliona kwamba njia iliyokifaa Kifini itakifaa Kiswahili. Mwaka 1985 alianza kutunga programu ya kukimenya Kiswahili, na mwaka 1992 akachapisha maelezo yake. Programu hiyo ilikua ikawa mfumo mzima uitwao SALAMA.

Tuangalie ifanyavyo kazi. Hupewa neno hatukuwaandikia, ikajibu kwamba shina ni andika, mtenda ni sisi, wakati ni uliopita, tendo limekanushwa, na kadhalika. Maana yake, hufanya kwa nukta moja kazi aliyokuwa akiifanya msomaji wa kamusi ya Johnson kabla ya kufungua ukurasa. Wala haikuzipata kanuni zake hewani. Mashina yake na ngeli zake ni yale yale ya kamusi na sarufi zilizotangulia, na nyuma ya hizo yupo Madan, na nyuma ya Madan yupo Steere na wale waliomsimulia hadithi. Mwanafunzi huyo wa chuma hata akarudi kuwapima walimu wake: mwaka 1994 Hurskainen alichapisha makala ya kuijaribu Kamusi ya Kiswahili Sanifu kwa kompyuta, na mwaka 2002 akazitathmini kamusi tano kwa makala iliyoandikwa kwa Kiswahili.

Pana shida moja ambayo kumenya peke yake hakuiondoi. Neno paa laweza kuwa sehemu ya juu ya nyumba, laweza kuwa mnyama kama yule paa nunga wa msitu wa Jozani, tena laweza kuwa tendo la kwenda juu, au la kuondoa magamba ya samaki. Mvuvi wa Malindi akisikia “mpaie samaki huyu” hafikirii nyumba wala msitu. Kompyuta haina samaki wala kisu, haina ila maneno yaliyo jirani. Hivyo ilibidi iongezewe kanuni za kutazama kushoto na kulia: hapa pana kiambishi cha ngeli gani, kivumishi kinakubaliana na nini, baada ya neno hili laweza kuja neno la namna gani. Upatanisho wa kisarufi, unaowasumbua sana wageni wanaojifunza Kiswahili, ukawa ndio taa ya mtambo. Penye “paa huyu” pana mnyama; penye “paa hili” pana nyumba.

Ili kuzijaribu kanuni hizo palihitajika maandishi mengi. Baina ya mwaka 1988 na 1992 watafiti wa Helsinki na wa Dar es Salaam walishirikiana kurekodi lugha na masimulizi ya watu wa pwani. Mwaka 2004 ikatolewa hazina ya matini ya Kiswahili ya Helsinki, yenye maneno zaidi ya milioni 12, na mwaka 2016 ikatolewa ya pili yenye takriban milioni 25, kila neno likiwa limemenywa na kuwekewa alama zake. Sehemu kubwa ya matini hizo ni magazeti na vitabu. Na magazeti na vitabu, kama tulivyoona, vilikuwa vimekwisha pita katika mfereji wa mwaka 1930.

Katika miaka hiyo mtandao nao ulikuwa ukikua. Tangu miaka ya 1990 Martin Benjamin, akiwa katika Chuo Kikuu cha Yale huko Marekani, aliendesha kamusi ya Kiswahili iliyokuwa wazi kwa kila mwenye kompyuta. Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003. Kampuni ya Google ilikiingiza Kiswahili katika programu yake ya tafsiri mwaka 2009. Mwaka 2018 ukatoka mfumo uitwao BERT, uliosomeshwa maandishi ya Wikipedia za lugha zaidi ya 100, Kiswahili kikiwa kimojawapo. Mwaka uliofuata watafiti wa Kiafrika wakaanzisha umoja wa Masakhane, ili lugha za bara hili zishughulikiwe na wenyewe.

Njia ya mitambo hii mipya si ile ya Helsinki. Haipewi sarufi. Hupewa maandishi mengi mno, ikayakatakata maneno kwa hesabu: vipande vinavyotokea mara nyingi pamoja hufanywa kimoja, na vinavyotokea kwa nadra huachwa vipande. Haina habari ya shina wala kiambishi, ijapokuwa mara nyingi, kwa kuhesabu tu, hufika karibu na pale alipofika mwenye sarufi. Kwa lugha yenye maandishi mengi njia hii imefaulu kuliko zote zilizotangulia, na mwenye insa­fu hawezi kukataa. Lakini msingi wake ni wingi. Lenye kuandikwa sana hujulikana sana. Lisiloandikwa huwa kama halikusemwa.

Sasa turudi kisiwani. Wenyeji wa kusini ya Unguja, hasa Makunduchi, wana lahaja yao waiitayo Kikae, ambayo vitabu vingine huiita Kimakunduchi au Kihadimu. Upande wa kaskazini, katika kisiwa cha Tumbatu na sehemu za Unguja zinazokielekea, husemwa Kitumbatu. Lahaja hizi hazikuzaliwa kwa kukiharibu Kiunguja cha mji. Zina kanuni zao na ukongwe wao. W. H. Ingrams aliandika juu ya lahaja za Unguja na Pemba mwaka 1924. Haji Chum alichapisha msamiati wa Kikae katika jarida la Kamati ya Lugha la mwaka 1962-63, na msamiati wake ukatolewa tena kuwa kitabu mwaka 1994. Baraza la Kiswahili la Zanzibar nalo, pamoja na Kamusi la Kiswahili Fasaha lililotoka mwaka 2010, limezishughulikia lahaja za visiwani kwa kamusi za peke yake.

Mfano mmoja utatosha. Mtu wa mjini husema amefika, au katika mazungumzo kafika. Mtu wa Makunduchi husema kafiki. Katika Kikae tendo lililokwisha timia halihitaji me. Irabu ya mwisho hubadilika ikaifuata irabu ya shina: shina lina i, basi na mwisho huwa i. Kanuni hii ni safi na fupi kuliko kanuni nyingi za Kiswahili Sanifu. Lakini mtambo uliosomeshwa Kiswahili Sanifu peke yake, ukikutana na kafiki, utaliona kuwa kosa la chapa au jina la mtu. Ukiwa ni mtambo wa kusahihisha tahajia utaliwekea mstari mwekundu. Ukiwa ni mtambo wa kutafuta, hautajua kwamba kafiki na amefika vinapasa kuletwa pamoja. Mzee aliyetamka neno hilo hakukosea. Aliyekosea ni msomaji.

Hata baina ya mji na Bara pana mambo ya namna hii. Sisi wa Unguja husema “kamusi la”, na wenzetu wengi husema “kamusi ya”. Anayetafuta kitabu cha Baraza kwa kuandika “Kamusi ya Kiswahili Fasaha” anategemea huruma ya mtambo kujua kwamba la na ya katika mahali hapo ni kitu kimoja. Hilo ni dogo, lakini linatufundisha kwamba tofauti ya lahaja haiko shamba tu.

Yapo pia maandishi ambayo mtambo hauyasomi kwa sababu ya herufi. Watu wa visiwa hivi waliandikiana kwa herufi za Kiarabu miaka mingi kabla ya Steere, na baada yake vilevile. Barua, hati na mashairi ya namna hiyo yamehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa za Zanzibar na katika masanduku ya majumbani. Mwandishi wa zamani asiyetumia alama za ziada aliweza kuandika papa, baba na bamba kwa sura ile ile, akimwachia msomaji kuamua. Msomaji aliyeijua lugha hakupata taabu. Picha ya karatasi hiyo ikiwekwa mtandaoni inaonekana kwa macho, lakini mpaka pawepo mtambo ujuao Kiswahili na herufi hizo pamoja, haitafutiki. Karatasi ipo, na habari haipo.

Msomaji atauliza: hasara ni nini, maadam Wamakunduchi wote wanajua pia Kiswahili cha mji na wanaweza kutafuta kwa hicho? Hasara kubwa ni ya historia. Chukua sikukuu ya Mwaka Kogwa ya Makunduchi. Mwanafunzi akiitafuta leo atapata maelezo mengi, na aghalabu yameandikwa na wageni waliokuja kutazama siku moja, au na wenye biashara ya kuwaleta wageni hao. Maneno ya wenyewe, majina wanayoyaita mambo yao, na utani wanaotupiana, vimo katika Kikae. Na hata vikiwa vimerekodiwa, haviitiki kwa njia anayoitumia mwanafunzi. Basi ataandika insha yake kwa yale aliyoyapata, insha hiyo itaingia mtandaoni, na mtambo ujao utasomeshwa insha hiyo. Kila mzunguko ukipita, sauti ya mgeni huongezeka uzito, na ya mwenyeji hupungua. Hapo hakuna aliyekusudia uovu, kama vile Kamati ya mwaka 1930 haikukusudia kumnyamazisha mtu.

Wako watakaosema kwamba kuzirudisha lahaja ni kubomoa umoja uliojengwa kwa taabu. Hoja hiyo ina uzito, lakini inachanganya mambo mawili. Kusanifisha ni kuwaambia watu waandike namna gani. Kutambua ni kuwaelewa walivyosema. Shule inaweza kuendelea kufundisha Kiswahili kimoja, na mtambo ukajua vyote. Sacleux alikwisha tuonyesha njia: hakumwambia mtu aseme kama watu wa Amu, aliweka alama tu kwamba Amu husema hivi. Alama ile ile yaweza kuwekwa katika hazina za matini za leo, ili kila neno lijulikane limetoka wapi.

Na njia ya kuitenda kazi hii ipo. Kikae hakina mamilioni ya maneno yaliyochapishwa, wala haielekei kwamba kitakuwa nayo. Kwa hiyo mtambo wa kuhesabu hautakifaa ukiachwa peke yake. Lakini kile kinachokosekana kwa wingi chaweza kupatikana kwa ujuzi. Kanuni moja ya kafiki, ikiandikwa kwa njia ya tabaka mbili na kuunganishwa na mashina ambayo tayari yanajulikana, hufungua maelfu ya maneno kwa siku moja. Msamiati wa Chum ukitiwa humo huongeza yale ambayo mji hauna kabisa. Mwanafunzi mmoja wa sarufi, akikaa na wazee wa Makunduchi msimu mzima, anaweza kufanya kwa lahaja hiyo kazi ambayo mtambo wa wingi usingeifanya kwa miaka. Matini zitakazosomwa kwa kanuni hizo zaweza kisha kupewa mitambo mipya kuwa chakula chao. Visiwani tuna chuo kikuu cha taifa chenye taasisi ya Kiswahili, na tuna Baraza. Lakini wazee wanaokisema Kikae bila kukichanganya hawatatungoja milele.

Sharti moja lisisahauliwe. Waliosimulia hadithi za mwaka 1870 walitoa mali yao, na kitabu kikapata jina la mwandishi. Wazee watakaotoa maneno yao leo wanastahili kujua yanakwenda wapi, nani atayatumia, na watoto wao watayapataje. Bila hilo tutakuwa tumeongeza karne moja juu ya desturi ile ile.

Wazee walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mitambo ya kutafuta imetuzoeza kupata bila kuinama, na ndiyo sababu twaona vya juu ya kitanda tu. Steere na Madan waliinama, walikaa na watu na kuwauliza maneno yao, ijapokuwa waliinama mjini peke yake. Kazi iliyobaki ni kuinama katika sehemu nyingine za kisiwa, na safari hii wenye kuuliza na wenye kujibu wanaweza kuwa watu wa nyumba moja.